Mikono ya Bi Punda

Sogeeni, wajukuu, ila msikohoe. Hadithi hii yenyewe ina kikohozi.

Mwaka huo ukame ulikausha mito yote, kikabaki kisima kimoja. Ukame haujaondoka, yakaingia maradhi ya kifua. Fisi akamnong'oneza Simba, "Mfalme, tangaza: asiyenawa mikono hanywi. Nami nitalinda kisima." Simba, aliyeogopa kukoholewa, akatangaza. Kumbe Fisi alikuwa na lake moyoni: wakifa kwa kiu, nyama haifukuzwi.

Bi Punda ndiye aliyekuwa akivuta kamba ya kisima na kumpelekea Simba maji kila siku. Asubuhi iliyofuata alikuja na mwanawe, homa inamchoma, ulimi umekauka kama ngozi ya ngoma.

"Mikono!" Fisi akafoka.

"Baba wee, mimi Mungu kanipa kwato."

"Basi hujanawa. Hunywi, wala huyo mwanao. Sheria haina shangazi."

Bi Punda akalia. Sungura, aliyekuwa kando akijikuna, akamwambia, "Shangazi, mtii mfalme. Kama huna mikono, usiguse kamba."

Bi Punda akacheka kwa meno yote. Akaketi.

Jua lilipofika utosini, Simba akaja mwenyewe, koo linakwaruza. "Maji yangu yako wapi?"

"Mimi sina mikono, Mfalme."

"Mwenye mikono ndiye ateke," Sungura akadakia. "Wewe unayo, babu. Kamba ile pale."

Simba akaikamata kamba, ikamteleza. Akaiuma, ndoo ikamvuta, nusura ang'oke meno. Wanyama wakatazama pembeni, mabega yakitikisika.

"Kumbe miaka yote mimi nisiye na mikono ndiye niliyewanywesha wenye mikono!" akasema Bi Punda. "Haya, nitavuta. Lakini mgonjwa anywe kwanza, mfalme baadaye."

Simba akataka kumeza mate, hakuyapata. "Vuta, mama."

Bi Punda akavuta mpaka hori likajaa. Mtoto akanywa, macho yakafunguka. Simba akapanga foleni nyuma ya Mbuzi.

Fisi, kuona nyama yake inapata nafuu, akairukia ndoo aimwage. Akapitiliza, chubwi! kisimani.

"Bi Punda, nivute!"

"Nikuvute kwa mikono gani, baba?"

Hori limejaa, nani ana haraka? Wakamwacha humo anawe, mpaka masikioni.

Hadithi imenawa, imekauka: mchimba kisima huingia mwenyewe.