Makaa ya Zimwi

Semeni naam, nami niwashe hadithi.

Palikuwa na Mwanakombo na bintiye, Mize. Jioni moja Mize alitoka shule akasema, "Mama, nikusomee?"

"Nina unga mikononi, mwanangu. Kapalie moto kwa jirani."

Mize akachukua kifuu, akaenda nyumba ya mwisho, kwa zimwi.

"Nisomee, nikupe kaa," zimwi likasema. Akasoma. Likampigia makofi, likampa kaa jekundu na kashata.

Jioni ya pili akaomba tena. "Kesho, mwanangu. Kapalie moto."

Jioni ya tatu hakuomba. Alichukua kifuu akaenda, asirudi.

Mwanakombo akamfuata. Nje ya mlango wa zimwi akamsikia mwanawe akisoma bila kukwama, akashangaa kuwa anajua kiasi kile.

"Mize, njoo nyumbani unisomee."

Mize akaacha kusoma. Kisha mtoto akasema, "Mama, kuna mtu mlangoni."

"Anataka moto tu, mwanangu," zimwi likajibu. "Mpe, uje umalizie."

Mlango ukafunguka kidogo, kikatolewa kifuu kimejaa makaa.

Makaa yale hayajazimika hadi leo. Mwanakombo hupika, akala peke yake.

Hadithi nimeiacha mlangoni pale. Mwenye mtoto akaichukue.