Kwa Nini Mlango wa Namba Ndogo Hufungwa Kwanza

Mkiona mashine inanakili faili moja kwenda jingine, mnadhani ni jambo la kupepesa jicho. Ni kweli, ni la kupepesa jicho. Lakini humo ndani, kwenye kiini cha mfumo, mchukuzi wa mzigo huo hufunga milango miwili, wa faili linalotoa na wa linalopokea, kabla hajagusa kitu, na huanza na wa namba ndogo, hata kama mzigo wake umo kwenye namba kubwa. Asije mtu akaniambia ni mapambo.

Mashine zilipokuwa bado changa, kila faili lilikuwa na nyumba yake yenye namba, kama sasa. Majina yalikuwa ya watu wa nje. Kiini kilijua namba tu. Mchukuzi alifunga kwanza nyumba anamotoa mzigo, ili mtu asibadilishe mambo katikati ya kazi, kisha akafunga anamoutia, ili mtu asisome nusu akadhani ni nzima. Akishashika mlango hakuuachia mpaka amalize. Aliyeachia alihesabiwa pamoja na wezi. Ilikuwa sheria ya watu wanyoofu, na mimi siidharau.

Walikuwepo wachukuzi wawili, Mwijaa na Bwanaheri, mtu na shemeji yake. Bwanaheri alikuwa amemwoa Mwanaidi, dada yake Mwijaa, na siku ile Mwanaidi alikuwa amejifungua. Mtoto alikuwa uwanjani. Uwanja huo ndio kumbukumbu: kila kipya huzaliwa hapo na hungoja hapo mpaka kiteremshwe diskini kikaandikwe. Mama alikwisha kuandikwa zamani. Mtoto bado, ingawa nyumba yake, namba tisini, ilikuwa tayari. Umeme ukikatika, kisichoandikwa hakifi kikazikwa. Hakipo tu.

Amri mbili zikaingia kwa pamoja. Mwijaa atoe mzigo nyumba ya kumi na mbili autie ya arobaini. Bwanaheri atoe arobaini atie kumi na mbili. Kila mmoja alifunga nyumba anamotoa, akaenda kwenye ya pili, akaikuta imefungwa.

“Shemeji, nifungulie arobaini, nina kazi.”

“Nifungulie wewe kumi na mbili, nikimaliza nitakufungulia.”

“Dada yangu ulimpata kwa kungoja. Na hili ngoja.”

“Nilingoja miaka mitatu mlangoni kwenu. Leo unanitisha na nini?”

Wakacheka. Nyuma yao foleni ikaanza kujipanga. Mwandishi wa diski, aliyekuwa akiandika nyumba moja baada ya nyingine kwa mfuatano wa namba, alifika kumi na mbili, akakuta imefungwa, akaketi chini. Kicheko kikakatika.

Mwanaidi akaja na mtoto mgongoni. “Mwanangu hajaandikwa,” alisema. “Mmoja wenu aachie.”

“Mwambie kaka yako,” alisema Bwanaheri.

“Nikiachia, nani ataniamini tena na nyumba yake?” alisema Mwijaa.

Hakuna aliyekuwa mwongo kati yao, na hapo ndipo ubaya ulipo. Mwongo angeachia, akadanganya kwamba hakuachia, na mambo yakaendelea.

Huko nje kioo kilikuwa kimeganda. Mwenye mashine alibonyeza kitufe hiki na kile, akatukana, kisha akakandamiza kile cha kuzimia mpaka giza likaingia.

Mashine ilipowashwa, Mwanaidi alijikuta uwanjani, kanga ya mgongoni imelegea. Alikimbilia tisini. Nyumba ilikuwepo, namba yake mlangoni. Ndani mlikuwa na sifuri, safu juu ya safu, hakuna kingine. Alitoka akawatazama mumewe na kaka yake.

“Hamkuiba kitu,” alisema. “Nitawashuhudia popote. Hamkuiba kitu.”

Hakusema nao tena. Mwijaa na Bwanaheri walikwenda kwa wachukuzi wote, nyumba kwa nyumba, wakiwaapisha.

Na tangu siku hiyo, mwenye kutoa na mwenye kutia wote huanzia mlango mmoja, wa namba ndogo. Anayeukuta umefungwa hungoja mikono mitupu, hajashika cha mtu, na aliyemtangulia hupita akamaliza. Hakuna anayebishana naye.