Baiti Tatu

Mtunza kumbukumbu wa hospitali ya macho alijivunia kazi yake safi. Kila Jumatatu asubuhi muuguzi mkuu alimtumia faili la wagonjwa wa kupasuliwa, mwenye hali mbaya zaidi akiwa wa kwanza. Yeye aliliingiza kwenye hifadhidata mpya, nayo ikawatumia wagonjwa ujumbe wa kuwaita.

Kwa wiki tatu mfululizo fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa wa kwanza, hakuitwa. Wa pili kwenye orodha aliitwa, hata wa thelathini.

"Mwanangu, hata sindano sasa naitunga kwa kupapasa," alimwambia muuguzi. "Nisubiri mpaka nipofuke?"

Mtunza kumbukumbu alikuwa na majibu tele. Wiki ya kwanza alilaumu mtandao, ya pili akawalaumu waliotengeneza hifadhidata. Ya tatu alimgeukia muuguzi.

"Dada, nyie ndio mnakosea namba za kadi. Kwangu mimi hakuna tatizo."

Muuguzi alipandwa na hasira. Akavuta kiti, akaketi. "Haya, ingiza upya mbele ya macho yangu."

Mtunza kumbukumbu akalifungua faili kwa programu yake ya siku zote ya kuandikia, akalikagua, akabonyeza "hifadhi".

"Umebadilisha nini?"

"Sijabadilisha kitu. Nahifadhi tu, nimezoea."

"Mbona limenenepa, basi? Nililokutumia ni dogo kwa baiti tatu."

Mtunza kumbukumbu akanywea. Alipolichambua baiti moja moja, vile vipande vidogo vya data, akaona kwamba kila alipohifadhi, programu yake ilibandika mwanzoni mwa faili alama ya usimbaji ya baiti tatu, ya kuiambia kompyuta jinsi ya kusoma herufi, isiyoonekana kwenye kioo. Hifadhidata haikuitambua. Iliisoma pamoja na namba ya kadi ya kwanza, ikahukumu kwamba hiyo si namba, ikamtupa mgonjwa huyo kimyakimya.

Fundi alipasuliwa kesho yake. Jicho la kulia likapona. La kushoto lilikuwa limekwishazima. Mtunza kumbukumbu alikwenda wodini, aibu imemjaa.

"Nisamehe, mama. Niliwashuku watu wote."

"Na wewe mwenyewe, ulijishuku lini?"

Mtunza kumbukumbu alikuwa amemsaka mchawi kwenye mtandao, kwa mafundi wa hifadhidata na kwa muuguzi, kumbe yumo kwenye kidole chake mwenyewe. Waliosema hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.