Seremala Aliyerusha Ndege Peke Yake

Ndugu zangu, leo naomba niwapeleke mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kukanyaga: kwenye klabu ya watu wanaorusha ndege ndogo. Msicheke bado. Nasema watu wazima, wengine wana wajukuu, wanaojenga ndege ya kukumbatia kwa mikono miwili, wanaitia injini, halafu wanasimama uwanjani na rimoti na kuiendesha angani. Namwona mama mmoja kule nyuma anamgeukia mumewe. Ndiyo mama, watu hao wapo.

Basi palikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja, na wote wawili walishikwa na ugonjwa huo wa ndege. Kaka alikuwa seremala, mdogo wake fundi cherehani. Mdogo alijiunga na klabu iliyokuwa ikikutana kila Jumamosi kwenye uwanja wa shamba la mkonge lililoachwa. Kaka yeye alirusha ya kwake nyuma ya nyumba yake, ng'ambo ya barabara kuu. Hapakuwa mbali. Ukisimama uwanjani uliyaona mabati ya nyumba ile.

"Kaka, Jumamosi hii twende wote," mdogo alimwambia.

"Nikafanye nini? Hiyo klabu itanipa nini ambacho sina?"

"Kule hurushi kabla mwenzio hajakukagulia mabawa. Ukirusha, mtu anasimama begani kwako akikuangalizia anga. Ukiishiwa gundi unapewa. Ukiangusha wanakucheka mpaka machozi yanawatoka, halafu wote wanaingia kwenye mkonge kukutafutia vipande."

"Mimi siangushi," kaka akasema. "Kwa hiyo hicho kicheko na hivyo vipande bakini navyo wenyewe."

Na kweli alikuwa haangushi, tusimsingizie. Mtu yule alizijua mbao, na mkono wake ulikuwa umetulia. Mdogo akajaribu tena: "Basi angalau niambie, rimoti yako ni namba ngapi?"

"Namba za nini? Mimi sichezi bahati nasibu!"

Mdogo akaliacha hapo. Mnajua wenyewe, kaka mkubwa humbani kwa maswali.

Sasa sikilizeni kilichomtokea mdogo. Ndege yake ikaanza kuanguka. Inapaa vizuri, inazunguka vizuri upande wa mkonge, lakini ikigeukia upande wa barabara kuu inatikisika kama mtu aliyegutushwa usingizini. Inaacha kumsikiliza, inashika njia yake, puu, chini. Anaiunga, anarudi nayo. Jumamosi nyingine inatulia, nyingine inaanguka tena. Kaka alikuwa akiyaona hayo akiwa nyuma ya nyumba, rimoti mkononi, ya kwake iko juu inapeta. Alicheka sana. Jioni alimwambia mdogo wake, "Haya ndiyo matunda ya klabu? Walimu wote wale, na bado unaokota vipande?"

Jumamosi moja ikaanguka palipokuwa na watu.

Alikuwapo pale mama mmoja, muuguzi mstaafu, ndiye aliyemfundisha yule mdogo kurusha. Alikuwa amesimama na wenzake mahali palepale pa siku zote, mahali wanapopaita pa salama. Ile ndege ikageuka upande wa barabara, ikatikisika, ikawajia watu huku pangaboi lake linazunguka. Watu walitawanyika. Mama hakuwahi. Ikampiga usoni.

Jicho lake la kulia likapotea. Nasema jicho, ndugu zangu! Mama aliyewapokea watoto wa mji mzima kwa mikono yake, kapigwa na kitu cha kuchezea. Mfano huu nimeutunga mwenyewe, hakuna aliyenisimulia, na bado nilipofika hapa niliweka kalamu chini.

Yule mdogo hakula wala hakushika tena cherehani. Alikwenda hospitali, akafika mlangoni pa wodi, akashindwa kuingia. Na wenzake wa klabu wakasema, huyu ni mzembe. Sote tunaangusha, lakini si namna hii. Wakaitisha kikao cha kumtoa.

Siku ya kikao kaka yake alimsindikiza. Tumpe haki yake, alimsindikiza. Lakini alibeba ndege yake na rimoti yake, maana alishapanga mambo. "Wakufukuze tu," alimwambia njiani. "Mimi nitakupokea. Kwangu hakuna kikao, hakuna mwenyekiti. Tutarusha zetu kwa raha."

Walipofika, kikao kilikuwa bado. Mama wa watu alikuwa amekaa kwenye kiti, bandeji usoni. Dereva mmoja wa lori, mwanachama, alikuwa akitayarisha ndege yake. Kabla ya kuwasha rimoti akainua kichwa, akapiga kelele uwanja mzima ukasikia: "Tisa!"

Kutoka upande wa pili sauti ikajibu: "Tisa iko hewani! Subiri!"

Dereva akaweka rimoti yake chini, akakaa. Seremala akashangaa. Akasogea kwa yule mama, akaamkia, "Shikamoo mama. Samahani, yule bwana ananadi nini?"

"Marahaba mwanangu. Hanadi kitu. Rimoti zetu hizi ni za zamani, kila moja ina namba yake. Wawili wakiwasha namba moja kwa pamoja, ndege inasikia mabwana wawili, na inamfuata aliye karibu nayo. Ya mwenzake ikisogea upande ule, inavurugika na kuanguka. Kwa hiyo kabla hujawasha, unaita namba yako. Kama kuna mwenzio hewani atakujibu, nawe utangoja. Wale wawili wote ni tisa. Walikuwa hawajuani kabisa. Kwa kule kupokezana, sasa mmoja amemwoa dada wa mwenzake."

Seremala akacheka kidogo. Kisha akauliza, "Na mdogo wangu ni namba ngapi?"

"Kumi na saba. Yuko peke yake kwenye hiyo. Ndiyo maana watu wamemkasirikia. Hana wa kumwingilia, lawama amwangushie nani?"

Seremala akaigeuza rimoti yake. Nyuma kulikuwa na kibandiko kilichochakaa, alikuwa nacho tangu ainunue mnadani na hajawahi kukisoma. Akakifuta vumbi kwa kidole gumba.

Kumi na saba.

Mnaona? Kila ilipoanguka, yeye alikuwa amesimama nyuma ya nyumba anacheka, na rimoti iko mkononi mwake! Aliyekuwa akiiangusha ndege ya mdogo wake ni yeye. Aliyelitoa jicho la mama huyu, anayemwita mwanangu, ni yeye. Na hakumgusa mtu. Hakutoka nyumbani kwake!

Hakuna aliyekuwa amekiona kile kibandiko. Mkono wake ulikuwa tayari unaificha ile rimoti chini ya koti lake. Ningekuwa mimi ningefanyaje? Wewe je? Usinijibu haraka.

Mwenyekiti akamwita mdogo asimame mbele ya watu. Akasimama, kichwa chini. Ndipo kaka akaitoa rimoti, akainyanyua juu, akapiga kelele kama alivyomsikia yule dereva: "Kumi na saba! Kumi na saba iko hewani! Jamani, ilikuwa hewani siku zote, ni mimi!" Akaanguka magotini mbele ya yule mama.

Mama akainama amwone vizuri kwa jicho lililobaki. Kisha akasema, "Mdogo wako alikuwa akiiita namba hiyo kila Jumamosi. Aliita kwa sauti, wote tulimsikia. Hakuna aliyemjibu, ndipo akawasha."

Kaka akalia kwa sauti, mwanamume mzima.

Lakini mama hakuwa amemaliza. Akawageukia wenzake wa klabu, wale waliokuja kumtoa mtu. "Na sisi je?" akasema. "Ndege ya huyu tulikuwa tukiiona juu ya mabati yake. Tulionyeshana kwa vidole. Tulisema, yule anaringa, anarusha peke yake. Nani kati yetu alivuka barabara akaenda kumuuliza namba yake?"

Hakuna aliyevuka. Hata yeye mwenyewe hakuvuka, na alilisema hilo.

Wapendwa, naona mlikuwa mkitikisa vichwa nilipokuwa namsema seremala. Mlikuwa mkiwafikiria watu. Yule anayesema, "Mimi nasali nyumbani kwangu, simsumbui mtu." Ni kweli nina neno naye. Anauliza ushirika utampa nini, wala hajiulizi nani anaumia kwa sababu yeye hayupo. Mkewe anamlaumu mtoto, mtoto anamlaumu mwalimu, na chanzo kimekaa nyuma ya nyumba kinacheka. Ningemwambia hayo yote. Tatizo langu ni kwamba leo asubuhi hayupo hapa.

Waliopo ni ninyi. Tuliopo ni sisi. Sisi ndio klabu, na mabati ya nyumba yake tunayaona. Tumemsema kwenye kwaya, tumemsema kwenye jumuiya, tumemwita mwenye kiburi. Kwenye vikao vya kumtoa huyu aliyepo, ambaye mambo yake yanaanguka na hajui kwa nini, tunafika mapema na viti tunapanga. Kuvuka barabara kwenda kwa yule asiyekuwepo, miguu inatuuma! Mimi jambo hili linanitisha kuliko kiburi cha seremala, maana yeye hakujua. Sisi tunajua anakoishi.

Kwa hiyo leo namaliza mapema, na namaliza kwa makusudi. Kabla ya chakula cha mchana, kila mmoja wetu avuke barabara moja. Usiende na Biblia mkononi, usiende kuhubiri. Piga hodi, amkia, kaa, umuulize habari zake, usikie anachojibu.

Na najua mtaniuliza mlangoni iliishaje. Mdogo hakutolewa. Kaka alijiunga siku ileile, na ndugu wale wakawa wanapokezana, huyu akirusha yule anangoja, mpaka watu wakawa wanawaonea wivu. Yule mama alirudi pia. Kila Jumamosi anasimama begani kwao, anawaangalizia anga kwa jicho moja.

Ni jambo zuri, tena tunamshukuru Mungu. Lakini, ndugu zangu, mama yule alikuwa na macho mawili.