Siku Mto Chokaani Ulipofagiwa

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Anayesinzia aamke, anayetafuna ameze.

Hapo zamani za kale, wakati mawe ya mtoni yalipokuwa na majirani wanaoyajua moja moja, palikuwa na mto mdogo. Ulitoka chini ya mwamba mweupe, mweupe pe! Wanyama wakauita Mto Chokaani. Maji yake yalikuwa baridi. Ukisimama ndani unaona mpaka kucha zako. Yalikwenda polepole, yakapita katikati ya matete, yakazunguka magogo, yakasema: chwi, chwi, chwi.

Humo mtoni aliishi Bi Kaa. Alikuwa mdogo, tena mwenye haya. Ukimsalimu, huingia shimoni kwanza, ndipo aitikie. Na siku hizo alikuwa amebeba watoto. Mnajua kaa wa mtoni anavyobeba watoto? Si mgongoni. Huwabeba chini ya tumbo, wamejikunja humo, wadogo kama punje za mtama. Siku wakianza kumfinya, fii, fii, basi siku yao imefika. Lazima awaachie kwenye maji yaliyotulia, yenye tope laini na mizizi ya kujifichia.

"Bado kidogo, wanangu," Bi Kaa alikuwa akiwaambia. "Tulieni."

Mwaka huo mvua ilichelewa. Majani yakaoza majini. Ngiri akaja kugaagaa, akatoka, akaacha maji kama uji. Mto ukaanza kunuka. Korongo, ndege wa miguu mirefu na manyoya yasiyojua vumbi, akawaita wote ukingoni.

"Jamani, mto unanuka," akasema Korongo. "Na mto huu si wa mmoja. Tufanye umoja. Kila mtu apewe kipande chake, kutoka jiwe hili mpaka jiwe lile, akitengeneze na kukilinda."

"Hewaa!" wakajibu wote.

Tusimkosee Korongo. Neno lilikuwa jema.

"Tutautengenezaje?" akauliza Ngiri.

"Swali gani hilo, Bwana Ngiri? Uwanja ukichafuka unafanywaje? Unafagiwa! Matete, toa. Magogo, toa. Mawe, toa. Tope, kwangua mpaka chini. Nataka mwamba mweupe uonekane toka mwanzo wa mto hadi mwisho. Na wewe na kugaagaa kwako, marufuku. Asiyefagia kipande chake hatakanyaga maji haya tena, yeye na watoto wake."

Bi Kaa akasikia moyo wake unapiga, du, du. Yeye alichimba mashimo kwenye sakafu ya mto tangu utoto. Alijua mwamba ule ulivyo. Una matundu. Matundu mengi, kama chujio la tui. Na tope ndilo lililoyaziba.

Akatoka nusu shimoni. "Samahani, wazee... lile tope..."

Haya ikamkaba. Povu likamtoka mdomoni.

"Nani anaongea?" akauliza Korongo.

Kima alikuwa juu ya mkuyu wake, mti mkubwa wa ukingoni, mkia unaning'inia. "Ni Bi Kaa! Shoga, unaongea au unafua? Mbona povu tu?"

Wakacheka wote. Ngiri akacheka mpaka akakaa chini. Bi Kaa akarudi upande upande shimoni kwake.

"Usijali, mwanangu," akasema Korongo. "Wewe ni mdogo, nawe una mzigo. Chukua ile kona ya chini, nyuma ya jiwe lililoinama. Ni upana wa mkeka tu. Utaweza?"

"Nitaweza," akaitika Bi Kaa, kutoka ndani.

Kazi ikaanza. Siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Fagia! Fyaa! Kwangua! Kwaa! Ngiri akalima tope kwa pembe zake, akalirundika ukingoni. Mawe yakarushwa nje, pu! pu! Kima akang'oa matete, halafu akaona mizizi ya mkuyu wake imeingia majini.

"Hii nayo imekaa kama nywele zisizochanwa," akasema. Akaikata yote.

Na Bi Kaa? Alishika tete moja kwa gando. Akalishika. Akatazama tope chini yake. Watoto wakajigeuza tumboni. Akaliachia.

Siku ya tatu Korongo akapita kukagua. Tap, tap, tap. "Bi Kaa! Umemaliza?"

Sauti ndogo ikatoka nyuma ya jiwe lililoinama: "Nimemaliza."

Alikuwa hajawahi kusema uongo maisha yake yote. Korongo hakuinamisha shingo kutazama. Miguu yake ilikuwa imeshakauka vizuri, hakutaka kuilowesha tena. Akapita zake.

Jioni ile wakacheza ngoma. Mto uling'aa! Ulinyooka kama kamba iliyovutwa. "Pasafi!" akaimba Kima. "Pasafi!" wakaitikia. Lakini Bi Kaa alikuwa anasikiliza. Maji hayakusema chwi tena. Yalisema shwaaa. Na chini ya ile shwaaa, mbali kabisa, akasikia kitu kingine: gudu, gudu, gudu.

Asubuhi kulipokucha, fii! Akafinywa. Fii, fii! Siku imefika. Kidimbwi cha kona yake kilikuwa kimetulia, tope lipo, mizizi ipo. Bi Kaa akafunua tumbo. Watoto wakadondoka, wakakimbilia kwenye matete. Akashusha pumzi.

Ndipo alipopanda juu ya jiwe lililoinama kuutazama mto.

Lahaula! Mto haupo!

Haupo, jamani. Jana ulikuwepo, leo haupo. Mwamba mweupe umelala mkavu juani, kama mfupa. Samaki wanajipiga juu yake: pata, pata, pata.

Wanyama wakaja mmoja mmoja. Aliyefika alisimama. Korongo alikuwa ameinua mguu mmoja, akasahau kuushusha. Kima akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakikutoka kitu.

Na wakiwa wamesimama hivyo, wakasikia: kra. Kra, kra, kraaa... GUBU! Mkuyu ukaanguka. Vumbi likatimka. Kima akasimama, mikono kichwani.

"Mkuyu wangu! Mama alinizalia humo!"

"Maji yameibwa!" akapiga kelele Ngiri. "Wameyaziba huko juu! Twendeni!"

Wakakimbia, tifu tifu tifu, mpaka chini ya mwamba, maji yanapotokea. Wakakuta yanatoka. Yanatoka vilevile kama jana. Wakayafuata kushuka. Hatua kumi, yapo. Hatua hamsini, yamepungua. Hatua mia, yamekuwa uzi. Mbele kidogo, hakuna.

"Yanakwenda wapi?" akauliza Ngiri, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Nyuma ya jiwe lililoinama, Bi Kaa alikuwa anatazama tete. Tete lilikuwa na alama ya maji. Na maji yalikuwa chini ya alama ile, kwa upana wa kidole. Kidimbwi kinashuka! Mto hauji kukijaza. Mpaka jioni kitakuwa kimekwisha, na wanawe wamo ndani.

Akisema, Korongo atajua hakufagia, watamfukuza yeye na watoto. Akisema, wenye kiu watavamia kidimbwi, watawakanyaga watoto. Asiposema, jua litawamaliza.

Bi Kaa akapanda jiwe. Akasimama juu kabisa, wote wanamwona.

"Nilidanganya," akasema. "Sikufagia."

"Hukufagia?" akauliza Korongo.

"Sikufagia. Na maji yamebaki kwangu peke yangu. Njooni mwone. Lakini asiingie mtu! Wanangu wamo."

Ngiri kusikia maji, akatimka. Kiu ilikuwa imemshika. Bi Kaa akashuka mbio, akasimama ukingoni mwa kidimbwi, akainua magando yote mawili. Yeye, mdogo vile, mbele ya Ngiri! Kima akaruka, akadaka mkia wa Ngiri, akavuta.

"Wewe, umeambiwa asiingie mtu! Masikio yako ni pambo?"

Wakasimama kuzunguka kidimbwi. Wakaona matete. Wakaona tope. Wakaona maji.

"Sasa tegeni sikio chini, juu ya mwamba," akasema Bi Kaa.

Wakalala wote, sikio mwambani. Semeni nami, watoto, walisikia nini? Gudu, gudu, gudu.

"Mto umo chini," akasema Bi Kaa. "Mwamba una matundu, na tope lilikuwa kizibo chake. Tumekwangua kizibo. Nilitaka kusema siku ile."

Hapo ndipo waliposhtuka kuliko asubuhi. Asubuhi walidhani ni mwizi. Kima akaitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena.

"Mikono hii hii," akasema. "Na mizizi nimeikata mwenyewe, nikiimba."

"Mimi ndiye niliyesema kwangueni," akasema Korongo. Mguu wake ukashuka, taratibu. "Mwenzetu alitaka kutuambia, tukamcheka. Bi Kaa, hatukufukuzi. Tufanyeje?"

"Rudisheni tope kabla halijakauka. Sasa hivi! Bwana Ngiri, wewe gaagaa juu yake, ulisindilie."

"Nigaagae?" akashangaa Ngiri. "Si mlinikataza?"

"Leo gaagaa mpaka uombe ruhusa ya kuacha."

Wakaanza. Samaki walio hai wakabebwa kwanza mpaka juu, kwenye maji. Tope likarudi kwa mikono, kwa midomo, kwa migongo. Ngiri akagaagaa, puu, puu. Matete yakapandwa upya. Mawe yakawashinda.

"Jiwe hili lilikuwa wapi?" akauliza Kima.

Hakuna aliyejua. Kila mmoja alikuwa ameyarusha bila kuyatazama.

"La kushoto kule," akasema Bi Kaa. "Hapana, ligeuze. Lenye kitundu litazame chini, kambale hutaga hapo."

Jua likapanda. Jua likainama. Kidimbwi kikabaki kimo cha kiganja. Kikabaki kimo cha kidole. Migongo ya watoto ikaanza kuonekana. Bi Kaa akawafunika kwa kivuli chake.

Kisha, kwenye jiwe lililoinama: chwi.

Wote wakatega sikio.

Chwi. Chwi, chwi.

Maji yakaingia kidimbwini, membamba kama mkia wa panya. Lakini yakaingia, na hayakukatika. Tete likalowa mpaka kwenye alama yake. Watoto wa kaa wakazama matopeni, hawakuonekana tena. Ngiri, tope mpaka kwenye kope, akaanza kulia, na alipoulizwa analia nini akasema ni vumbi.

Mkuyu haukusimama tena. Samaki wengi hawakurudi. Lakini umoja ule haukuvunjika. Mpaka leo, kabla hajang'oa hata tete moja, Korongo huenda kwenye jiwe lililoinama. Huinamisha ile shingo yake ndefu mpaka mdomo uguse maji, akauliza. Bi Kaa huingia shimoni kwanza. Na Korongo husimama hapo, miguu majini, akingoja aitikiwe.

Fundisho lake ni hili: mkiungana kukitunza kitu, muulizeni kwanza anayeishi ndani yake, hata kama ni mdogo na sauti yake haisikiki. Nia njema ya wengi wasiouliza inaweza kukausha mto.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye jiwe lililoinama. Mwenye kiu achote maji, tope aliache mahali pake.