Kwa Nini Sukari ya Mnazi Ina Umbo la Kifuu

Sogeeni wajukuu zangu, mkeka unatosha. Anayetafuna atafune kimya, nisije nikapotea njia nikiwa chunguni.

Zamani hizo tembo, yale maji yanayogemwa kwenye karara la mnazi, halikuwa likichacha. Liligemwa leo, likanywewa kesho kutwa, tamu vile vile. Watu wakadeka. Kutwa wako juu na visu, wanakata na kukata, hata Mnazi ukachoka. Ukasema, "Haya. Utamu wangu mtaupata alfajiri. Jua likipanda, si wenu tena."

Ikawa hivyo. Ikifika adhuhuri kibuyu chatoa povu, na anywaye analewa.

Basi palikuwa na Kazija, mke wa mgema Vuai. Binti yao aliposwa, na desturi ya kwao posa haikubaliwi mpaka wakwe walambishwe kitamu cha nyumba ile. Wakwe wenyewe walitoka mbali, hawafiki ila alasiri. Wakaonja tembo lililokwisha kuchacha, wakakunja nyuso. Mama wa kijana akasema, "Bi Kazija, tumekuja kuoa, hatukuja kulewa. Tutarudi Ijumaa, na ndiyo mwisho."

Kazija akalia kidogo, kisha akaanza kujiuliza. Utamu huu unakwenda wapi? Akatega sikio kwenye kibuyu. Akasikia chwi, chwi, chwi.

"Vuai, humu mna watu wanakula."

"Watu gani, mke wangu? Ni jua tu."

"Jua halitafuni."

Ijumaa alfajiri, kibuyu kiliposhushwa kabla hakijaanza kunong'ona, akamimina tembo chunguni akawasha moto, ili walaji wale waungue wangali usingizini. Povu likapanda, likataka kumwagika. Akatupia nazi iliyokunwa, likatulia. Akakoroga mpaka mkono ukafa ganzi na mwiko ukawa mzito. Vyombo vyote vilikuwa na wali wa wageni, akamimina kwenye vifuu.

Wakwe walipofika alikigonga kifuu, kikadondoka kibonge cha kahawia. Yule mama akalamba. Akalamba tena.

"Binti yako anakijua hiki?"

"Ndiye aliyechochea moto."

"Basi tunaoa."

Na tangu siku hiyo wagema walirithi alfajiri, wanawake wakarithi mwiko, watoto wakarithi kukomba chungu. Jua lilirithi tembo linalosahauliwa kibuyuni, pamoja na walevi wake. Mnazi haukudai kitu, ila sukari ivae umbo la kifuu chake na rangi yake, ili anayelamba akumbuke ni nani aliyekatwa.