Betri Kwenye Karai

Asali iliyo kwenye buyu haiibwi na jambazi. Huibwa na kidole. Huyu hupita akachovya, yule hupita akaramba, na kila mmoja huapa kwamba amegusa kidogo tu. Siku mgeni anapofika na buyu likainamishwa, hapadondoki kitu. Nusura teksi ya Kapteni iishie hivyohivyo.

Kapteni halikuwa jina la kuzaliwa. Abiria ndio waliompa dereva huyo wa teksi, kwa jinsi alivyokaa wima kwenye usukani kama anayeongoza meli. Alipoteleza kwenye ngazi akavunjika mguu, alifungwa plasta toka wayo hadi pajani. Teksi yake nyeupe ikaegeshwa uani chini ya paa la bati, kando ya dirisha la chumba alimoshonea mkewe. Mke huyo mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani, na sindano yake ndiyo sasa iliyoilisha nyumba.

Mama Cherehani hakuwa mtu wa kukubali kuchekwa. Kila asubuhi, kabla ya kugusa kitambaa, aliingia garini akazungusha ufunguo. Injini ikanguruma. Aliikanyagia mafuta mara mbili ili muuza duka wa ng'ambo ya barabara asikie vizuri, kisha akaizima.

“Naona Kapteni yu karibu kurudi kazini!” muuza duka alipaza sauti.

“Gari la mume wangu halijafa, jirani. Linamsubiri mwenyewe.”

Akarudi kushona, shingo imenyooka kama mlingoti.

Hakujua kwamba si yeye peke yake aliyeligusa. Binti yake alichomeka simu garini kila umeme ulipokatika, na hata usipokatika, maana alipenda kukaa kiti cha mbele kama bosi. Kapteni naye, kitanda kikimchosha, alimwomba binti afungue redio ya gari na kushusha vioo ili asikie mpira. Redio ya chumbani aliiona kama inanong'ona. Na mdogo wake Kapteni, dalali wa magari, kila alipokuja kumjulia hali alifungua milango kukagua viti, akaiacha taa ya ndani inawaka.

Asubuhi moja ufunguo ulizunguka, gari likasema tik, tik, likanyamaza. Mama Cherehani akajaribu tena. Kimya. Ng'ambo ya barabara muuza duka alikuwa amesimama na ufagio, sikio limetegwa.

Msiba haukosi mwenzake: siku hiyohiyo dalali akaingia.

“Pole, shemeji. Lakini maiti haifanyishwi mazoezi. Ninaye mnunuzi. Tuliuze kabla halijaota kutu.”

“Liuzwe, halafu kaka yako aendeshe nini? Kitanda?”

Kapteni alijiinua kwa viwiko. Maumivu ya mguu aliyazoea, lakini neno kuuza lilimchoma hadi mfupani. “Sikiliza, mdogo wangu. Siku daktari atakaponiruhusu kushika usukani, uje na mnunuzi wako. Nikizungusha ufunguo gari likagoma, ondoka nalo. Likiwaka, usiniletee tena habari hizo.”

“Mara moja tu, kaka. Hakuna kusukuma wala kuazima betri ya mtu.”

“Mara moja inatosha.”

Fundi wa betri akaitwa. Aliipima, akakuna kidevu. “Nani amekuwa akiinywa hii?”

“Hakuna,” alijibu Mama Cherehani. “Mimi huwasha kidogo tu asubuhi, ipate nguvu.”

“Nguvu! Kuwasha kunameza funda zima, dakika zako mbili zinarudisha kijiko. Nani mwingine?”

Binti akatazama vidole vyake vya miguu. “Simu yangu. Kidogo tu.”

Toka chumbani ikaja sauti ya Kapteni, imenywea. “Na mpira. Kipindi cha pili tu.”

Fundi alicheka hadi akashikilia boneti. “Nyumba nzima mmeingiza vidole buyuni! Na hata msipoligusa, saa na king'ora vya gari vinaramba mchana kutwa.” Kisha akaacha kucheka. “Nitaichaji taratibu. Ikirudi, waya huu wa hasi ukae umefunguliwa. Kila mwezi niletewe niijaze tena. Ikikauka hivi mara ya pili, msinitafute. Tafuteni betri mpya.”

Na betri mpya, kwa nyumba inayoishi kwa sindano moja, ilikuwa ndoto ya mchana.

Tangu siku hiyo spana ya kufungulia waya ule ilining'inia shingoni mwa Mama Cherehani, imefungwa kwenye futi yake ya kupimia nguo.

“Mama, simu inazima. Kidogo tu.”

“Kidogo ndicho kilichotuua. Nenda ukachaji kwa shangazi yako.”

“Mke wangu, leo ni fainali.”

“Nitakusimulia.”

Dalali alikuja akitaka kumwonyesha mnunuzi taa za mbele. “Aje mchana,” shemeji yake alimwambia, “jua linawaka bure.”

Lililomwia gumu kuliko yote ni kimya cha asubuhi. Alikaa kwenye cherehani, mkono unawasha kama wa mvuta tumbaku aliyeacha, akimsikia muuza duka akiuliza kwa sauti ya juu kama gari lile bado linapumua. Alikata uzi kwa meno, akaendelea kushona. Mwezi ulipotimia, yeye na bintiye waliibeba betri kwenye karai kuipeleka kwa fundi, mmoja kashika huku na mwingine huku, wakakatiza barabara watu wakitazama.

“Hee! Siku hizi teksi inabebwa?” muuza duka alicheka.

“Mtoto akiugua si hubebwa, jirani? Ndipo apone atembee.”

Muuza duka akachukua ufagio wake, akarudi dukani.

Mwishowe plasta ilifunguliwa, mguu ukafundishwa upya kutembea, na daktari akaruhusu usukani. Dalali alifika na mnunuzi, mtu mnene mwenye haraka. Majirani walijaa uani. Mama Cherehani akavua futi shingoni, akaufunga waya mwenyewe, akakaza nati, akautikisa kuona kama unacheza. Haukucheza. Saa ya gari ikamulika sifuri, kama ya gari jipya.

Kapteni akakaa wima. Akamtazama mkewe, akazungusha ufunguo.

Injini iliitika kabla mkono haujaachia. Haikukohoa, haikusita. Binti alipiga kigelegele kilichomshtua hata yeye mwenyewe. Mama Cherehani hakupiga. Alisimama tu, spana mkononi, machozi yakimteremka kwenye uso unaocheka.

“Mtaa mzima umesikia?” Kapteni aliuliza.

“Hata viziwi,” muuza duka alijibu, safari hii kwa heshima.

“Basi mke wangu, kaa hapa mbele. Na wewe, mdogo wangu, mwambie mnunuzi wako apande nyuma. Nimesikia ana haraka. Nauli ni ileile.”

Mnunuzi alimtazama dalali, akamtazama Kapteni, akapanda. Teksi nyeupe ikatoka uani polepole, Mama Cherehani ameweka kiwiko dirishani kama malkia, kwa maana buyu lilikuwa limejaa na yeye ndiye aliyezuia vidole, kuanzia na chake mwenyewe, akijua sasa kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali.